Kuziba nyufa za plasta kwa bakteria, jua la Dodoma likiwa juu yako

Wakuu, ile kitu ya bakteria kwenye sementi mnayoulizia, yaani bakteria anazibaje ufa wa plasta, inafanyika hivi. Bakteria mwenyewe ni Sporosarcina pasteurii, wa udongoni, hajulikani kuleta ugonjwa, kazi yake kuvunja yurea, inatoka amonia na kaboneti, kaboneti ikikutana na kalsiamu inaganda kuwa chokaa ngumu ndani ya ufa.

1. Kagua ufa. Tunaongelea ule mwembamba kama unywele, wa plasta tu. Ufa unaopanda ngazi ngazi kwenye tofali na kutanuka kila mvua zikija, hasa kama umejenga kwenye udongo mweusi wa mbuga, huo ni msingi unacheza, bakteria hasaidii ng'o.

2. Mbegu ya bakteria chukua maabara ya mikrobiolojia, usichote udongo wa bustani ukategemea bahati. Lita moja ya maji: gramu 20 za dondoo ya hamira, chemsha iue vijidudu, ikipoa ndo utie gramu 20 za yurea iliyoyeyushwa kwa maji kidogo na kuchujwa vijidudu kwa filta ya maabara, usiichemshe maana joto linaivunja. Nyuzi 30, itikiswe muda wote, siku moja mbili maji yanapoteza uangavu na amonia inapiga pua kwelikweli, fungua madirisha.

3. Maji ya kalsiamu: kwa lita, gramu 55 za kalsiamu kloridi kavu na gramu 30 za yurea. Anza na kloridi, kidogo kidogo, chombo kinapata moto mkononi, ukitia yurea kinapoa tena. Vaa glavu na miwani. Ila kloridi inakula nondo, kwa hiyo kwenye slabu au bimu tumia kalsiamu asetati.

4. Anza jioni, sio saa nane mchana, huku kwetu upepo na jua vinakausha ufa kabla bakteria hajafanya lolote. Brashi vumbi, lowesha, piga bakteria kwa bomba la sindano, acha masaa kadhaa washike ukutani, halafu ndo maji ya kalsiamu. Ukivichanganya kwenye ndoo moja vinagandia humohumo. Funika na magunia mabichi.

5. Rudia kila jioni mpaka ufa ujae weupe, kisha suuza kwa maji mengi kutoa chumvi. Kupima, dondoshea maji juu ya ufa: yakimezwa haraka kama mwanzo, bado, endelea.

Na msimimine pasteurii kwenye zege bichi, alkali (ule ukali wa sementi) inamuua. Mtafiti Henk Jonkers wa Delft, Uholanzi, yeye anaweka spora (bakteria waliolala kwenye ganda gumu) za basila, aina nyingine ya bakteria, zinazovumilia alkali pamoja na chakula chao, hiyo ni kazi nyingine na gharama nyingine.