Kabla ya kumleta kasuku, toa chetezo

Nyumbani Mombasa ukisema "kasuku" mtu anawaza mkebe wa mafuta ya kupikia. Hapa Leicester, Uingereza, ninaye wa manyoya, wa kijivu, mkia mwekundu, nimemchukua kwenye kituo cha ndege walioachwa. Kila anayekuja huniuliza nimempataje.

Usiende ukimtafuta anayeongea. Mimi nilikwenda hivyo. Aliyekuwa msemaji nilimpa kidole, akaking'ata mpaka damu. Tundu la pembeni alikuwapo mwengine, amejinyonyoa kifua, ngozi i wazi kama kuku wa sokoni. Nikavuta kiti, nikakaa ubavu, simtazami, natafuna karanga zangu. Siku ya tatu ya kwenda ndipo aliposhuka, kijiti baada ya kijiti, mpaka usawa wa bega langu.

Nawe nenda mara kadhaa, ukae, unyamaze. Kituo kinachokukabidhi ndege siku hiyo hiyo bila maswali kikimbie. Changu kilinijazisha fomu, kikaja kukagua nyumba, kikanitilisha saini kwamba nikishindwa namrudisha kwao. Uliza ana umri gani, kaachwa kwa nini, amezoea kula nini, kapimwa maradhi gani. Karatasi zake zidai pia: tangu 2017 kasuku wa kijivu yumo katika orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Na hao wa kufugwa hufika miaka 40 na zaidi, kwa hivyo binti yangu ameshajua atarithi nini.

Sasa nyumba, na hapa ndipo sisi wa pwani tunapoteleza. Pumzi ya ndege ni nyepesi mno, moshi usiokushtua wewe unamdhuru yeye. Udi, ubani, manukato ya kupuliza, vyote nje. Nilikuwa nikifukiza kila Alhamisi magharibi. Chetezo kimehamia kwa dada yangu, na roho bado yaniuma. Vikaango visivyogandisha chakula (non-stick) ni vibaya zaidi: vikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke usiouona, na ndege hufa kwa dakika chache. Nimebaki na chuma cha chapati na sufuria.

Alizeti tupu haimtoshi, humnyima vitamini A na kalsiamu. Mpe chembe zilizotengenezewa kasuku, mchicha, karoti, kiazi kitamu cha kuchemsha. Pilipili pia, maana ndege hausikii ukali wake. Wangu hula pilipili mbuzi kama peremende. Parachichi, chokoleti na kahawa ni sumu kwake.

Kila asubuhi namweka juu ya mizani ya jikoni. Gramu 430. Ndege huficha ugonjwa mpaka amechoka kabisa, ila uzito haufichi, ukishuka ghafla mpeleke kwa daktari anayejua ndege. Usiku mpe giza na utulivu kwa muda wa saa 10 hadi 12.

Siku za mwanzo usimshike. Mwache akuzoee, na wewe uzoee vituko vyake. Wiki ya tatu, usiku, nilisikia mtu anakohoa sebuleni, kikohozi kikavu cha mwanamume mzima. Nikatoka na mwiko mkononi. Kumbe ni yeye, juu ya kijiti chake. Kituoni walikuwa wameniambia aliyemfuga alikuwa mzee wa kuishi peke yake, naye amefariki. Binti yangu sasa akisikia kile kikohozi hujibu kutoka chumbani: "Pole, babu."