Jinsi ya kupima pengo la walionacho na wasionacho kwa karatasi na kalamu

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kugonga milango nikiwa na dodoso mkononi. Nilikuwa mdadisi wa takwimu za kaya: mko wangapi humu ndani, mnaingiza nini, mnatumia nini, mnadaiwa na nani. Nilichojifunza ni kwamba watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha juu ya matajiri na maskini huku kila mmoja akisema lake. Huyu anafikiria mishahara, yule anafikiria mashamba na majumba. Siku hizi mtu akinianzishia ubishi huo nampa karatasi kwanza, kisha tunakwenda hivi.

Juu kabisa ya karatasi andika unapima nini: kipato au mali. Kipato ni kile kinachoingia katika muda fulani, tuseme mwezi. Mali ni vyote unavyomiliki ukishatoa unavyodaiwa. Havifuatani kama wengi wanavyodhani. Nimewahi kumhoji daktari kijana aliyesomeshwa kwa mkopo: mshahara wake ulimweka juu kabisa ya orodha, lakini mali yake ilikuwa chini ya sifuri. Siku hiyohiyo nikamhoji mjane mwenye nyumba kubwa ambaye kwa mwezi haingizi karibu chochote. Nani tajiri? Inategemea ulichoandika pale juu. Kwa kawaida pengo la mali huwa pana kuliko la kipato, maana mali hulimbikizwa, hurithiwa, tena huzaa.

Pili, amua unahesabu watu au kaya. Kaya yenye vipande 12 vya kipato (kipande ni kiasi chochote cha pesa utakachochagua) na watu wanne, ukigawa kwa vichwa, kila mmoja ana 3. Lakini watu wanne hawahitaji mapaa manne. Ndiyo maana watakwimu wengi hugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata idadi hiyo: kwa watu wanne unagawa kwa 2, unapata 6. Njia zote mbili zina hoja. Chagua moja na usiibadilishe katikati ya hesabu ili upande wako ushinde, maana nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Sasa panga kuanzia wa chini. Tuchukue kaya kumi, zote zina ukubwa sawa, na jumla ya kipato chao ni vipande 100:

2, 3, 4, 5, 6, 7, 9, 12, 17, 35

Kipimo chepesi kuliko vyote ni cha José Gabriel Palma, mchumi wa Chile. Chukua fungu la asilimia 10 ya juu, ligawe kwa fungu la asilimia 40 ya chini. Hapa juu kuna 35, chini kuna 2 + 3 + 4 + 5 = 14, kwa hiyo jibu ni 2.5. Mmoja wa juu ana mara mbili na nusu ya wanne wa chini wakiwekwa pamoja. Palma aliona kwamba katika nchi nyingi nusu ya katikati hupata karibu nusu ya kipato chote, na mvutano wenyewe uko kati ya kilele na chini. Jumlisha tano zilizo kati ya wanne wa chini na mmoja wa juu kwenye orodha yetu, kuanzia 6 hadi 17: 51.

Kipimo cha Gini kinahitaji uvumilivu kidogo. Jumlisha ukipanda: 2, kisha 5, 9, 14, 20, 27, 36, 48, 65, 100. Ukizichora kwenye karatasi ya miraba unapata mstari wenye tumbo linaloning'inia. Kama wote wangekuwa sawa, mstari ungenyooka. Mchoro huo ni wa Mmarekani Max Lorenz, wa mwaka 1905. Mwaka 1912 Mwitaliano Corrado Gini akalitafutia tumbo lile namba moja. (Baadaye Gini aliunga mkono ufashisti wa Mussolini. Rula haina dhambi, nami naendelea kuitumia.) Jumla ya namba zote ulizopata ukipanda ni 326. Zidisha kwa 2, unapata 652. Toa 100, inabaki 552. Gawanya kwa idadi ya kaya mara jumla ya vipande, yaani 1,000, upate 0.552. Itoe kwenye 1: Gini ni 0.448. Sifuri maana yake wote wako sawa. Kadiri unavyosogelea 1, ndivyo mmoja anavyobeba vyote.

Usinakili tu, ijaribu. Toa vipande 2 kwa kaya ya tisa uipe ya tano, panga tena kuanzia wa chini, kisha rudia hesabu zote mbili. Palma inabaki 2.5 vilevile, kama vile hakuna kilichotokea. Gini inashuka hadi 0.434. Kumbe kila kipimo kina upofu wake, na anayekuletea kimoja tu pengine amekichagua kwa sababu ya kile kisichokiona. Kisha zidisha kila kipato kwa mbili. Gini haitikisiki, Palma haitikisiki, lakini umbali kati ya wa chini na wa juu umetoka 33 na kufika 66. Je, pengo limekua? Hesabu haitakujibu. Hapo ndipo ubishi wenye maana unapoanzia.

Ukilinganisha nchi, angalia kwanza kilichopimwa. Benki ya Dunia inaiweka Afrika Kusini kwenye Gini ya karibu 0.63 kwa mwaka 2014, na Slovenia huzunguka 0.24. Tofauti ni kubwa kweli. Ila Afrika Kusini ilipimwa kwa matumizi na Slovenia kwa kipato, na matumizi kwa kawaida huonyesha pengo dogo zaidi, kwa kuwa tajiri hatumii vyote apatavyo. Kwa maneno mengine, umbali halisi kati ya hizo mbili huenda ni mkubwa kuliko namba zinavyosema.

Na hapa niseme kama mtu niliyekuwa kazini. Wa chini walinikaribisha, wakanipa kigoda, wakanihesabia hadi sarafu. Kwenye mageti makubwa nilizungumza na mlinzi. Nilirudi mara mbili, mara tatu, kisha nikajaza "kaya haikupatikana" nikaenda zangu. Wadadisi wenzangu walifanya hivyohivyo. Ndiyo sababu watafiti kama Anthony Atkinson na Thomas Piketty waliingia kwenye kumbukumbu za kodi kutafuta kile ambacho dodoso hukikosa. Kodi nayo hukwepwa, lakini angalau huanzia upande wa juu. Ukisoma ripoti iliyotokana na dodoso peke yake, chukulia kwamba kilele kimekatwa kidogo.

Ukishapata namba, usikimbilie kusema haki au dhuluma. Ongeza safu nyingine kwenye karatasi na uiite "chanzo". Vile vipande 35 vimetoka wapi? Jasho, ubunifu, urithi, kibali ambacho wengine walinyimwa, ardhi iliyochukuliwa kwa nguvu miaka mingi iliyopita? Mwanafalsafa Robert Nozick alisisitiza mwaka 1974 kwamba umbo la mgawanyo peke yake halithibitishi dhuluma: kama mali ilipatikana kihalali na kupokezanwa kwa hiari, basi imetulia. Wenye nacho wanaipenda sana hoja hiyo. Mara nyingi husahau nusu ya pili, kwamba Nozick huyohuyo alikubali dhuluma ya zamani inadai marekebisho. Jaza safu ya chanzo kwa uaminifu uone ni mistari mingapi itabaki safi. Mimi nikijaza, hii ndiyo safu inayochukua muda mrefu kuliko zote.

Hatua ya mwisho inataka watu, watano au zaidi. Andika zile namba kumi kwenye vijikaratasi, uvitie kwenye boksi. Waambie kila mmoja atachomoa kimoja, na hicho ndicho kitakuwa kipato chake. Ila kabla ya kuchomoa wanaruhusiwa kukubaliana kuzibadilisha namba. Ni wazo la mwanafalsafa John Rawls la mwaka 1971: panga mgawanyo bila kujua wewe utaangukia wapi. Rawls alitarajia watu wajali hali ya wa chini kabisa kuliko kitu kingine chochote. Watafiti Norman Frohlich na Joe Oppenheimer walipolijaribu na wanafunzi, vikundi vingi vilichagua jambo jingine: weka sakafu ambayo hakuna atakayeanguka chini yake, kisha waache wengine wapande.

Vikundi vyangu navyo huelekea hukohuko. Wanapogombana ni juu ya kimo cha sakafu. Mara ya mwisho waliiweka kwenye 5, wakakata 6 kutoka kwa yule wa 35 ili wale watatu wa chini wafike hapo. Kijana mmoja alikuwa amepinga kwa sauti: 5 ni kuwadekeza wavivu, 3 inatosha. Boksi likamfikia, akachomoa 5. Akaitazama, akaikunja, akauliza kama tunaweza kujadili upya kabla mwenzake hajachomoa.