Saa za katikati ya vipindi: namna ya kupanga wiki yako chuoni Mwanza

Ratiba ya muhula ikibandikwa, wengi hutafuta siku ipi ina vipindi vichache. Wakikuta Jumatano ina kipindi kimoja tu, huihesabu kuwa siku ya mapumziko. Muhula huanza kuharibika hapo hapo, kwa sababu ratiba ya chuo haionyeshi hata nusu ya kazi unayodaiwa.

Fanya hesabu kwanza. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ndani yake kuna mihadhara, semina, asaimenti, kujisomea na mitihani yenyewe. Shahada ya miaka 3 haipungui krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Krediti 60 ni saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kila wiki, sawa na mtu anayekwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa. Kama vipindi vyako vinakula saa 18, zimebaki 22 ambazo hakuna mhadhiri atakayepitisha karatasi ya mahudhurio. Mtu hudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) au kubeba sapu (mtihani wa marudio) kwa sababu ya hizo 22, mara chache sana kwa sababu ya zile 18.

Hesabu hiyo hiyo ifanye kwa kila kozi. Kozi ya krediti 10 inadai saa 100. Ikiwa na vipindi vya saa 3 kwa wiki, kwa wiki 15 umeshatumia 45. Zinabaki 55, karibu saa 4 za wewe mwenyewe kila wiki. Gawa muda kwa uzito wa krediti, usigawe kwa mapenzi. Kozi unayoipenda itajitafutia muda yenyewe. Ile ya takwimu unayoikwepa ndiyo inayohitaji kuandikiwa saa yake.

Sasa chukua kaunta buku, kurasa mbili zinazotazamana, upige mistari: safu 7 za siku, mistari 15 ya saa kuanzia saa 1:00 asubuhi hadi saa 4:00 usiku. Kwa peni andika yasiyohama: vipindi, ibada, chakula, kufua, safari. Kwa penseli andika kujisomea, kwa kuwa hayo yatahamahama na utayafuta mara nyingi. Kwenye safari usijidanganye. Anayetoka Igoma au Buzuruga kwenda chuoni Malimbe asiandike muda wa daladala ikiwa inatembea tu. Kuna kusimama kituoni, kuna kusubiri gari lijae, kuna kutembea kutoka barabarani. Pima asubuhi 3 kwa saa ya simu, kisha andika ile iliyochukua muda mrefu zaidi. Ukipanga kwa asubuhi iliyokwenda vizuri, utachelewa siku nyingine zote.

Ukimaliza kuandika yasiyohama, utaona matobo kati ya kipindi na kipindi. Wiki nyingi hupotelea humo. Chukua mwanafunzi aliyetoka darasani saa 4:00 asubuhi na kipindi kinachofuata ni saa 8:00 mchana. Saa 4 nzima. Anasema arudi geto, chumba chake cha kupanga, Mkolani apumzike kidogo. Anafika, anawasha jiko la mkaa, anasubiri moto ukolee, anachambua dagaa, anasonga ugali, anaosha sufuria, anajilaza dakika kumi ambazo si kumi, kisha anarudi mbio. Hakuna alichokosea katika hayo yote, ila saa 4 zimekwisha na hajafungua kitini. Ikitokea hivyo mara 3 kwa wiki, saa 12 zimeondoka kati ya zile 22.

Siku zenye tobo kubwa, baki chuoni. Pika jioni ya jana na ubebe, au kula kwa mama ntilie jirani na chuo. Fedha utakayoongeza ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya kurudia kozi. Na usiingie kwenye tobo bila kazi iliyokwisha andikwa tangu usiku. Iandike kwa kitendo na kiasi: "soma kurasa 12 za kitini cha takwimu, fanya maswali 3". Ukiandika "kusoma takwimu" utafungua ukurasa, utafunga, na bado utaamini umesoma.

Ukubwa wa tobo ndio unaoamua kazi. La dakika 45 linatosha kupitia noti za kipindi kilichokwisha sasa hivi na kuandika maswali 2 ambayo hukuyaelewa, kabla hayajasahaulika. La saa 2 ni la asaimenti. La saa 4 ligawe: dakika 50 za kusoma, pumzika 10, dakika 50 nyingine, kisha chakula, halafu kazi ya mikono kama kukokotoa au kuchora, kwa sababu mchana baada ya ugali ukisoma kwa macho tu utasinzia. Maktaba ikijaa, darasa tupu linatosha, au kivuli cha jiwe. Mawe Mwanza hayaadimiki.

Kisa cha kusisitiza mchana ni kwamba usiku hauaminiki. Jua huku linazama karibu saa 12:50 jioni, na baada ya hapo unategemea umeme usikatike, jirani asifungulie sabufa, na mwili usidai haki yake. Kupiga msuli hadi saa 9:00 usiku halafu kulala kwenye kipindi cha saa 2:00 asubuhi ni kubadilishana saa nzuri kwa saa mbovu. Walio mazoezini wodini, kama wanafunzi wa afya pale hospitali ya Bugando, hawana matobo ya namna hii. Wao wapange kwa zamu, na siku ya baada ya zamu ya usiku waiandikie usingizi kwanza.

Asaimenti ihesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme inakusanywa Ijumaa. Siku 2 za mwisho ni za steshenari, maana foleni huwa ndefu na printa hugoma siku ambayo kila mtu anakusanya. Kabla yake siku 2 za kuandika, siku 3 za kutafuta na kusoma, siku 1 ya kulielewa swali na kumuuliza mhadhiri. Jumla siku 8, kwa hiyo unaanza Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Ikiwa ni ya kundi, mgawane vipande vya swali. Msimpe mtu kazi ya kuchapisha tu, kwani atafika kwenye prezentesheni hajui kilichoandikwa. Kila mmoja alete rasimu yake siku 4 kabla. Asiyeleta ajulikane mapema, mzigo uhamishwe wakati bado unabebeka.

Diskasheni: watu 4 au 5, dakika 90, maswali 3 yaliyotumwa tangu jana yake. Kundi likizidi hapo huwa soga.

Simu usiizime, kwa sababu kipindi kinaweza kuhamishwa na taarifa ikaletwa WhatsApp na CR, mwakilishi wa darasa. Bandika juu kundi la darasa, nyamazisha mengine yote, angalia mara 3: saa 1:00 asubuhi, saa 7:00 mchana, saa 2:00 usiku. Wakati wa kusoma ikae ndani ya begi. Ikiwa mezani, hata ikilala kifudifudi, mkono unaifuata.

Ukiuza vitafunwa hosteli bumu (fedha ya mkopo ya kujikimu) likichelewa, andika saa za biashara kwa peni, ni kazi kama nyingine. Anayekwenda kwao Ukerewe mwishoni mwa wiki ahesabu takribani saa 3 za feri hadi Nansio. Zinafaa kusoma kitini, hazifai kuandika asaimenti.

Jumapili jioni tenga dakika 20. Hesabu saa ulizosoma kweli. Ukikuta 12 badala ya 22, usiandike 22 kwa hasira wiki ijayo. Andika 15, na ukizifikia ongeza 3. Kazi iliyohamishwa mara 3 ina tatizo lake: aidha ni kubwa mno, uikate, au huielewi, umtafute wa kukuelewesha.

Kuanzia wiki ya 13 punguza kusoma noti, ongeza mitihani iliyopita, ukijipimia muda ule ule utakaopewa ukumbini. Usiku wa kuamkia mtihani tenga kitambulisho, peni 2 na nauli, na kama mawingu yametanda ziwani, toka nusu saa mapema, kwa sababu mvua ikianza daladala hupungua na watu hujaa vituoni.