Namna ninavyopanga kurasa za makala ya msanii kwenye jarida la muziki, hatua kwa hatua

Kabla mtu hajasoma sentensi hata moja ya makala yako ameshaiangalia. Anafungua, jicho linaenda kwenye picha, linarudi kwenye kichwa, linateremka kwenye ile nukuu kubwa au yale maelezo chini ya picha, na hapo ndo anaamua anakaa au anafunua mbele. Mi kazi yangu ni kupanga kurasa za majarida hapa Dar, nyingi ni za muziki, taarab, bongofleva na siku hizi singeli, na vijana wanaokuja kujifunza nawaambia jambo moja tu, ukurasa wa muziki ni kama kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo linashika kila kitu, mji unavuta jicho toka mbali, jina linamfanya mtu asogee asome. Halafu kanga inauzwa doti, vipande viwili pamoja, na makala nayo inafunguka kurasa mbili zinazotazamana, kwa hiyo usimalize ukurasa wa kushoto ndo uhamie wa kulia, zipange zote mbili kama kitu kimoja.

Hatua ya 1: Sikiliza na usome kabla hujafungua programu

Soma makala yote mpaka mwisho, sikiliza nyimbo za huyo msanii, halafu chukua karatasi uandike maneno matatu yanayoelezea sauti yake. Singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wakati kwenye taarab ya zamani ganuni na fidla zinakaribisha weee ndo mwimbaji anafungua mdomo. Sasa hawa wawili ukiwapanga kwa mtindo mmoja msomaji anahisi kuna uongo hata kama hawezi kueleza ni nini. Ya singeli naweka picha nyingi zinazogusana, herufi nene, zingine nimezilaza. Ya taarab naacha nafasi nyeupe ya kutosha, picha moja, maandishi yanaanza chini kidogo ya pale msomaji anapotegemea, anavuta pumzi kwanza.

Hatua ya 2: Chagua mji, yaani picha moja kubwa

Picha moja iwe kubwa kuliko zote na iwe kubwa kweli. Ukiweka tano zenye saizi sawa jicho halijui lianzie wapi.

Omba faili halisi kwa mpiga picha. Meneja wa msanii atakutumia kwa WhatsApp na ikitumwa kawaida mara nyingi inafika na pikseli kama 1600 upande mrefu, hiyo ukiichapa kwa 300 dpi, yaani vidoti 300 kwa kila inchi, inakupa sentimita 13 na nusu tu basi, na wewe ukitaka ijae kurasa mbili za A4 unahitaji karibu pikseli 4961 kwa 3508. Mwambie atume kama dokumenti au aweke Google Drive.

Kwenye kuchagua mi naangalia macho na mikono. Msanii anayekutazama moja kwa moja anamsimamisha msomaji, anayetazama pembeni anamwelekeza, kwa hiyo kama anatazama kulia basi maandishi yakae kulia, usimwache anatazama nje ya jarida. Na picha ikiwa na nguvu ya kutosha ipunguzie maneno. Kava la jarida la Marekani Rolling Stone la tarehe 22 Januari 1981, ile picha mpiga picha Annie Leibovitz aliyompiga John Lennon wa Beatles na mkewe Yoko Ono masaa machache kabla Lennon hajauawa, halikuwa na kichwa cha habari chochote, jina la jarida tu na picha, na hakuna neno ambalo ungeongeza pale likasaidia.

Picha ndogo nazo zina kazi yake. Kwenye makala ya taarab lazima niweke moja ya kina mama wanaotuza, noti mkononi, wanamwendea mwimbaji wakicheza, maana msomaji anajitafuta pale, anaona gauni linalofanana na lake, anamwita jirani aje aone.

Hatua ya 3: Okoa ngozi ya msanii kabla haijafika kiwandani

Hapa naomba ukae na mimi maana wengi wanapita haraka. Kuna makala ya mwimbaji mmoja wa taarab tuliyowahi kutoa, picha ya usiku, gauni jeusi la kumeremeta, kwenye skrini ilikuwa nzuri mno. Ilivyotoka kiwandani uso wote umezama, unaona meno na hereni. Yule mama alichukua jarida akalitazama akaliweka mezani bila kusema neno, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma, kwa sababu ile ilikuwa siku yake na mi ndo nilikuwa na uwezo wa kuzuia.

Kinachotokea ni kwamba wino ukigusa karatasi unatanuka, vidoti vinakuwa vikubwa kuliko ulivyovipanga, na zile toni za katikati zinazidi kuwa nyeusi, na ngozi zetu nyingi ziko hapo hapo katikati kwenda chini. Karatasi isiyong'aa inanyonya zaidi. Kwa hiyo chagua uso peke yake, fungua curves, kile kifaa cha programu cha kurekebisha mwanga na giza la picha, nyanyua toni za kati kidogo kidogo mpaka kwenye skrini uone kama imezidi kiduchu, acha mng'ao wa paji la uso na mashavu ubaki maana huo ndo unaleta umbo. Usinyanyue picha nzima, itapauka. Na usimbadilishe mtu rangi, kazi ni aonekane alivyo, sio awe mweupe. Ukishageuza kwenda CMYK, yaani zile rangi nne za wino wa kuchapia, angalia jumla ya wino sehemu nyeusi kabisa isivuke asilimia 300, na mwombe mchapaji akutolee ukurasa mmoja wa jaribio kwenye karatasi ile ile. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na aibu ya nakala zote.

Hatua ya 4: Jina

Kichwa kiwe kifupi kama jina la kanga, maneno mawili mpaka matano, mtu ayasome kwa mkupuo mmoja. Fonti mbili zinatosha, moja ya kichwa yenye tabia, moja ya kusomea iliyotulia. Dizaina Neville Brody alipokuwa jarida la The Face kule Uingereza, 1981 mpaka 1986, alichora herufi zake mwenyewe na jarida likatambulika kwa herufi tu. Lakini kuna mpaka. David Carson, dizaina wa jarida la muziki la Marekani Ray Gun, mwaka 1994 aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha akayapanga kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu, hakuna anayeweza kusoma, maandishi yanayosomeka yakawekwa nyuma ya jarida. Watu wanaisifu mpaka leo, mi kama dizaina naelewa, ila siwezi kumfanyia hivyo mtu aliyetoa hela yake kununua jarida asome habari za msanii wake. Chezea kichwa unavyotaka, maandishi ya habari yaache yasomeke.

Hatua ya 5: Pindo na vipimo

Hii ni fupi. Pambizo milimita 12 mpaka 15, kolamu tatu kwa ukurasa wa A4, nafasi kati ya kolamu milimita 5, maandishi pointi 9 au 9.5 na toka mstari hadi mstari pointi 12, blidi, yaani ile ziada ya picha inayokatwa ukingoni, milimita 3 kila upande. Uso wa msanii usikae kwenye mkunjo wa katikati, jarida likikunjwa pua inapotea.

Rangi ya kichwa na mistari ichukue ndani ya picha yenyewe, kwenye kitenge chake, kwenye taa za steji, kurasa zitashikana zenyewe.

Hatua ya 6: Mhudumie anayepitia tu

Nukuu kubwa iwe sentensi ambayo msanii kaisema kwa mdomo wake na inaacha swali, ndo itamvuta mtu aingie ndani kutafuta jibu. Maelezo ya picha yaseme kile ambacho jicho halioni, ukiandika "msanii akiimba jukwaani" umepoteza nafasi, tunaona anaimba. Sema ni wapi, ni usiku wa shughuli gani, yule wa nyuma kwenye kinanda ni nani wake.

Hatua ya 7: Jaribu kwa mtu

Printi kwenye A3, ukunje katikati, uchomeke ndani ya jarida la zamani, umpe mtu asiyejua kitu alipitie huku wewe umekaa kimya unaangalia kidole chake. Akisimama kwenye ukurasa wako na akaanza kusoma, tuma kiwandani. Akipita, usianze na fonti wala rangi, rudi kwenye ile picha kubwa uiongeze, mara nyingi bado ni ndogo.