Ukiwa Huna Pa Kushika: Namna ya Kumtegemea Mungu

Mwaka jana baba watoto alianguka bafuni alfajiri, upande wa kulia wote ukafa ganzi. Kiharusi. Mashine ya boti tukaiuza kwa bei ya kutupa, pesa ikaishia kwenye dawa na bajaji. Mimi nakaanga vitumbua hapa Ngamiani, Tanga, na siku zile nilikuwa nadaiwa laki sita na kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kila aliyekuja kutupa pole alisema, "Mama, tawakali," akaenda zake. Namna ya kufanya hiyo tawakali, huko kumtegemea Mungu, hakuna aliyenionyesha. Basi wewe unayeambiwa hivyo leo, nakueleza nilivyofanya.

Kwanza lia, shoga yangu. Nabii Yaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, na unabii wake haukupungua. Ila angalia alikopeleka mashitaka: alisema sikitiko lake na huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Mimi nilikuwa nawashitakia majirani kutwa nzima, na kila nikimaliza kusimulia nazidi kuwa mzito.

Kisha amka usiku. Saa tisa nilikuwa macho hata kabla ya msiba, kutazama kama rojo la vitumbua limeumuka. Siku moja nikajiuliza: naamka kwa ajili ya hamira, kwa ajili ya Mola wangu je? Sali rakaa mbili, halafu inua mikono useme kwa lugha yako, na utaje kitu chenyewe. Miezi nilikuwa naomba "Ya Rabbi tupe kheri" basi, kwa kuwa niliogopa kutaja nisije nikanyimwa. Usiku ule nikasema: laki sita, kikao Jumamosi, na mkono wake wa kulia. Nililia mpaka adhana ya alfajiri.

Hapa ndipo wengi tunapokwama: ukishaomba, ufanye nini? Mkumbuke Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail. Mtoto ana kiu, jangwa tupu, akakimbia kati ya Safa na Marwa mara saba. Maji hayakutoka Safa wala Marwa, yalitoka pale alipomlaza mtoto. Lakini alikimbia. Kwa hiyo kila asubuhi chagua jambo moja unaloliweza, ulimalize kabla ya adhuhuri. Langu la kwanza lilikuwa kwenda kwa mwenyekiti wa kikoba kabla ya Jumamosi nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimezoea kujificha. Wakanipangia elfu ishirini kwa wiki. Nikapiga simu kwa ndugu zetu Dar, mmoja baada ya mwingine, sikupata kitu. Wiki ileile vijana waliokuwa wakivua na mume wangu wakaja na fungu la samaki kutoka Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, na wanaleta mpaka leo. Sikuwa nimewaomba.

Dawa za presha usiziache ukasema umemwachia Mungu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, akamwambia amfunge kisha amtegemee Mungu. Na atakayekwambia mumeo karogwa, lete kuku mweusi na laki mbili, mfungie mlango.

Zipo siku utasali na moyo ukabaki jiwe. Mimi siku hizo nasoma Alam Nashrah, sura fupi tu ya Kurani, polepole. Imesema mara mbili kwamba pamoja na uzito upo wepesi. Pamoja nao. Basi nautafuta wepesi wa leo ndani ya uzito wa leo, na nikiupata nautaja kwa sauti ili watoto wasikie. Jumanne iliyopita baba yao alikamata kikombe cha chai kwa mkono wa kulia, kikamwagika nusu, akanywa iliyobaki. Kutembea bado. Deni limebaki laki mbili.