Fundi akiugua, ujuzi nao unalazwa

Kiwanda cha minofu ya sangara nilichofanyia kazi hapa Mwanza kilikuwa na fundi mmoja tu wa mitambo ya baridi. Alipougua, chumba cha kuhifadhia samaki kilipanda kutoka nyuzi -18 hadi -9, sisi vijana sita tunatazamana. Kitabu cha mtambo tulikuwa nacho. Hakikusema kwamba vali ya pili hukwama, na kwamba fundi huigonga kidogo kwa mpini wa spana.

Kwa hiyo ukitaka ujuzi wa mafundi usipotee, kabla hujanunua programu ya kuhifadhi nyaraka, tafuta kwanza kwa nini watu wanabana ujuzi. Mzee yule hakuwa mchoyo. Alishamfundisha kijana, kijana akapandishwa cheo, yeye akabaki na mshahara uleule. Wewe ungefundisha tena? Anayefundisha awekewe posho, na kazi hiyo ihesabiwe kwenye tathmini yake.

Usimwambie “andika unachojua”; hajui aanzie wapi. Kaa naye mtambo ukinguruma, umuulize: “Shikamoo mzee, hapa unasikiliza nini?” Mimi hurekodi kwa simu, maana kompresa (pampu inayosukuma gesi ya baridi) nzima na yenye hitilafu hazilii sawa.

Majibu yaandike kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, uivike plastiki, uibandike palepale ukutani. Karatasi isiyo na plastiki haimalizi wiki kwenye unyevu ule.

Makabidhiano ya zamu yape dakika 10 zenye malipo. Ukizitoa kwenye muda wao wa kuwahi daladala ya Igoma, utaambiwa “kila kitu kiko sawa, bosi”.