Jinsi ninavyoendesha mdahalo wa Hiroshima

Mwaka wa kwanza nilipokabidhiwa ulezi wa klabu ya midahalo niliandika ubaoni: "Marekani ilikuwa sahihi kudondosha bomu la atomiki." Robo saa haikuisha, mdahalo ukafa. Hawa wanasema ukatili, wale wanasema vita ni vita, kisha kuzomeana. Kosa lilikuwa langu: mada ilikuwa mbovu.

Siku hizi naikata vipande viwili. Hiroshima ilipigwa tarehe 6 Agosti 1945, Nagasaki tarehe 9. Ni siku tatu tu, lakini katikati Wasovieti walitangaza vita dhidi ya Japani. Asubuhi ya tarehe 9 wakubwa sita wa Japani walikuwa kikaoni: watatu tayari kusalimu amri kwa sharti moja, watatu waking'ang'ania manne. Wakiwa bado wanabishana, habari za Nagasaki zikaingia. Kwa hiyo anayetetea bomu la kwanza usimruhusu apitishe na la pili kwa tiketi ileile. Waambie pia habari ya Kokura. Siku ile ndege iliukusudia mji huo. Ikauzunguka mara tatu, rubani haoni chini kwa mawingu na moshi, ikageuzia Nagasaki. Ukishalisema hilo, nyamaza kidogo. Darasa litafanya kazi lenyewe.

Kisha kata kadi za manila, kila moja na tarehe yake. Juni 1945: wanasayansi wa Chicago wanaandika kwamba bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo na watu. Tarehe 16 Julai: jaribio la bomu huko New Mexico, Marekani. Tarehe 26 Julai: Japani inatakiwa isalimu amri bila masharti, na hatima ya Mfalme wao haitajwi. Msemaji akiuliza "Truman angefanya nini?", yaani rais wa Marekani wa wakati huo, anaruhusiwa kutumia kadi za kabla ya siku ya bomu tu. Ya baadaye ni umbea.

Kuhusu takwimu uwe mkali kama mtunza muda. Kila mwaka lazima mtoto mmoja asimame aseme bomu liliokoa Wamarekani milioni moja wasife. Msimamishe. Stimson, aliyekuwa waziri wa vita, aliandika mwaka 1947 kuhusu zaidi ya milioni moja, lakini alihesabu waliokufa na kujeruhiwa kwa pamoja, na makadirio ya wapangaji wa vita ya Juni 1945 yalikuwa madogo zaidi. Wapingaji nao wasipone. Waulize: usiku mmoja wa Machi 1945 Tokyo ilichomwa kwa mabomu ya moto ya kawaida, wakafa watu wapatao 100,000. Hiroshima, hadi mwaka unaisha, ilipoteza kama 140,000. Kinachowakera ni idadi, ni aina ya silaha, au ni kulenga raia? Hapo ndipo penye utamu, mimi huwaachia hata dakika ishirini.

Atatokea wa kusema mambo ya Wajapani yanatuhusu nini. Mwambie urani nyingi ya mradi wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Mimi huongeza la nyumbani. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana na Wajapani Burma mwaka 1944. Agosti 1945 alikuwa India, hajui kama watarudishwa porini. Mpaka anakufa alishikilia kuwa bomu lile ndilo lililomrudisha kwa mama yake. Bibi alikuwa akimjibu, huku anapeta mchele, "Na wale wa kule hawakuwa na mama?" Mzee ananyamaza, anavuta ugoro. Sijawahi kuamua nani kati yao alishinda. Ndiyo sababu nusu ya muda ikifika nawabadilishia pande: mtetezi ahamie kwa wapingaji, na mpingaji kwa watetezi. Watanuna. Waache wanune.

Kura zipigwe kwa karatasi, si kwa mikono, maana wengine huangalia rafiki yake kanyoosha wapi. Karatasi mbili, moja ya Hiroshima, moja ya Nagasaki. Mara ya mwisho Hiroshima ilikuwa 19 kwa 16. Nagasaki ilipata watetezi watatu, na karatasi moja ilirudi imeandikwa "Kokura".